Spika zenye besi safi kwa chumba cha 10 kwa 10: nichukue zipi?

Chumba_Kidogo
Wakuu, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Chumba ni futi 10 kwa 10, dari futi 9, kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae, dirisha moja la vioo vya luva. Ni cha kusikiliza muziki tu: rumba, dansi la zamani na singeli kidogo. Nataka gitaa la besi lisikike noti kwa noti, lisigeuke mvumo. Machaguo ni matatu: sabufa ya madukani yenye spika ndogo mbili, spika mbili za inchi 5 zenye amplifaya ndani, au za aina hiyo za inchi 8. Muuzaji anasema kubwa ndiyo yenye besi. Ni kweli?

Koili_8Ohm
Mkuu, kasema nusu. Wufa (spika ya sauti nzito) kubwa inashuka chini zaidi, hilo halina ubishi. Tazama Yamaha: HS5 ya inchi 5 imeandikwa inaanzia 54 Hz (mitetemo 54 kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, sauti ni nzito zaidi), HS8 ya inchi 8 inaanzia 38 Hz. Lakini hapo ni pale sauti ilipokwisha kupungua desibeli 10 (kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukipima kwa upungufu wa desibeli 3, HS5 inaishia 74 Hz na HS8 47 Hz. Namba hii ya pili ndiyo ya kuulizia dukani. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi, E, unapiga 41 Hz, ila sikio linaikamata noti hiyo hata kwa hamoniki yake ya 82 Hz (mtetemo wa mara mbili unaotoka pamoja na noti), ndiyo maana inchi 5 nzuri bado inakuonyesha besi inakwenda wapi.

Sabufa ya madukani iache. Namba ya PMPO, zile wati kubwa za kutangazia biashara, usiisome kabisa. Geuza nyuma usome stika ya umeme. Kifaa kinachokula wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati 60 za sauti mfululizo, sembuse maelfu. Na boksi lake mara nyingi limetobolewa tundu ili livume eneo moja tu la sauti, kwa hiyo kila noti inatoka "dum" ileile.

Mdundo_Mzito
Chukua inchi 8, sauti ikizidi punguza. Ukinunua ndogo utajuta.

Wimbi_Nusu
Mdundo_Mzito, kupunguza sauti kunashusha vyote kwa pamoja. Mvumo unabaki palepale ukilinganisha na sauti za juu. Tatizo hapa ni chumba, na cha kwake ni kigumu kwa sababu ni mraba.

Piga hesabu: kasi ya sauti, mita 343 kwa sekunde, gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba kwa mita. Futi 10 ni mita 3.05, unapata 56 Hz, yaani sauti ambayo chumba chenyewe kinaivumisha. Upana nao ni uleule, kwa hiyo 56 Hz inajijaza mara mbili, na dari inaongeza ya kwake kwenye 63 Hz. Sasa waya wa A wa gitaa la besi ni 55 Hz. Kila mpigaji akigusa A chumba kitavimba, akirudi E kitanywea. Kuta za saruji hazimezi besi, zinairudisha karibu yote. Ukileta HS8 bila kurekebisha chochote unaichochea 56 Hz hiyohiyo kwa nguvu zaidi.

Mkuu, chukua inchi 5, ukijitahidi sana inchi 6.5, kisha panga hivi. Spika zikae ukuta mmoja, sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani. Usizivute mita nzima mbele: sauti inayorudi kutoka ukuta wa nyuma yake itaua besi kwenye 86 Hz hivi. Ukaribu huo wa ukuta utanenepesha besi, basi HS5 ina swichi nyuma ya kushusha desibeli 2 au 4 chini ya 500 Hz. Anza na 2. Kati ya spika na spika mita 1.4, twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) usawa wa masikio. Kiti kiwe mita 1.15 kutoka ukuta ulio mgongoni kwako. Katikati ya chumba usikae kabisa, hapo 56 Hz inapotea na utadhani spika hazina besi.

Chumba_Kidogo
Nashukuru sana mkuu. Trei za mayai na magodoro ukutani vitasaidia huo mvumo? Na sabufa naweza kuongeza baadaye?

Koili_8Ohm
Trei hazifanyi lolote kwa besi. Robo ya wimbi la 56 Hz ni mita 1.5, sifongo ya sentimita 5 itaikamataje? Pamba ya mwamba ya sentimita 10 hadi 15 kwenye kona, sakafu hadi dari, inasaidia kuanzia 100 Hz na kupanda. Ile 56 yenyewe ishushe kwa ikwalaiza (kirekebisha sauti) desibeli 4 hadi 6, eneo jembamba tu kuizunguka 56. Shimo, yaani pale besi inapopotea, usilijaze kwa kuongeza, utachosha amplifaya bure. Room EQ Wizard ni programu ya bure ya kupimia, ila maikrofoni ya kupimia utanunua.

Wimbi_Nusu
Sabufa ya baadaye iwe ya boksi lililozibwa, inchi 8 au 10, krosova (mpaka wa kugawa sauti kati ya sabufa na spika) 80 Hz. Iweke kwanza juu ya kiti chako, cheza wimbo ambao besi yake inatembea, kisha wewe tambaa kando ya kuta masikio yakiwa chini. Pale ambapo noti zote zinalingana ndipo pa kuiweka. Anza kutafuta katikati ya ukuta. Kona inaamsha mivumo yote kwa pamoja. Halafu mtu abadilishe swichi ya fezi (inayogeuza mwendo wa wufa ya sabufa uende kinyume), 0 na 180, wewe ukiwa kitini: bakisha upande ambao besi inajaa.

Fundi_Dirisha
Msisahau luva. Chezesha sauti moja ikipanda polepole kutoka 40 hadi 120 Hz, gusa kioo kimoja kimoja kwa kidole. Kinachotetemeka kiwekee kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye kibanio chake, pande zote mbili. Mlio huo watu wengi huudhania ni wufa imepasuka.