Kikundi kinapitisha jambo kwa kauli moja, halafu nusu hawachangi. Tufanyeje?

Mwezeshaji, Kongwa
Wakuu, kikundi cha wakulima 28 wa alizeti kimepitisha mchango wa shilingi 100,000 kila mmoja, wanunue mashine ya kukamua mafuta. Mwenyekiti aliuliza "tumekubaliana?", wote wakaitikia. Nje ya mkutano wengi wanalalamika kwamba fedha ni nyingi na fundi yuko mbali. Watu wenye akili timamu wanapitishaje jambo wasilolitaka?

Mhadhiri, Dodoma mjini
Kila mmoja anaona wenzake kimya, anadhani wameridhia, naye ananyamaza. Mwanasaikolojia Solomon Asch alilipima hili Marekani mwaka 1951. Mshiriki alitakiwa kutaja mistari inayolingana urefu, huku wenzake waliopangwa wakitaja jibu la uongo. Karibu theluthi moja ya majibu yalifuata uongo huo. Akiwepo mwenzake mmoja tu wa kutaja jibu sahihi, kufuata mkumbo kulishuka sana. Kwa hiyo kuwahubiria ujasiri hakusaidii. Hakikisha hakuna anayepinga peke yake.

Mwenyekiti aseme mwisho. Hilo kwangu ndilo kubwa, maana mzee akishatoa msimamo, kijana hatampinga hadharani. Kabla yake wakae wanne wanne, wanawake kwa wanawake, kila kundi lilete sababu mbili za kukataa, hata kama linakubali. Msemaji atoe hoja bila kutaja ni ya nani.

Katibu wa kikundi, Bahi
Naongezea kura, maana kunyoosha mikono kunarudisha tatizo lilelile. Kila mwanachama apewe punje moja ya hindi, maana yake "ndiyo", na moja ya haragwe, maana yake "hapana". Nyuma ya pazia wekeni vyungu viwili, cha kura na cha punje inayobaki. Bila hicho cha pili, mtu anatoka na punje mkononi na jirani anaiona. Chungu cha kura kikizidi idadi ya waliohudhuria, rudieni.

Mwezeshaji, Kongwa
Ikitoka 15 kwa 13 je?

Katibu wa kikundi, Bahi
Msinunue kwanza. Hao 13 wakigoma, kila mmoja wa 15 atabeba karibu 187,000. Usiulize nani kaweka haragwe. Uliza makundi: "aliyeweka haragwe anahofia nini?" Wakitaja fundi, leteni bei ya fundi na vipuri kwa maandishi, ndipo mpige kura ya pili.