Naomba ushauri: silika ya mlembe na swali la binti darasani

Wapendwa, Bwana asifiwe. Nafundisha darasa la vijana kanisani na nimekwama.

Mada yetu ni silika ya wanyama na hekima ya Mungu. Tulianza na Yeremia 8:7, korongo ajuaye nyakati zake, kisha nikawaeleza habari za mlembe, yule ndege anayewaongoza Wahadzabe hadi penye nyuki. Watu huchukua asali, yeye hula nta. Walifurahi sana, nami naamini kwa moyo wote kwamba hiyo ni kazi ya Muumba.

Binti mmoja akasema mlembe huyohuyo hutaga kwenye viota vya ndege wengine. Nimesoma, ni kweli. Kinda lake huanguliwa kipofu, bila unyoya hata mmoja, lakini ncha za mdomo zina ndoano kali. Kwa hizo huwang'ata makinda wenzake gizani mpaka wafe. Baadaye ndoano zinadondoka zenyewe. Hakuna aliyelifundisha.

Nilimjibu kwa Warumi 8:22, viumbe vyote vinaugua kwa sababu ya anguko. Akauliza: basi ndoano hizo alizibuni nani? Mzee mmoja ameshauri niliruke swali. Sitaki, maana binti anauliza kwa unyofu. Nimefika Ayubu 39, mbuni aliye mkali kwa makinda yake, na pale anayesema kwamba amemnyima hekima ni Mungu mwenyewe.

Je, nimwambie silika hiyo nayo imo katika mpango wa Mungu, au niishie kwenye anguko? Na kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, mngeanzia andiko lipi? Kipindi ni Jumapili hii.