Mashine pepe inagoma kuwaka, inasema kipima muda hakifanyi kazi

FundiTabora
Habari zenu, wakuu. Natunza maabara ndogo ya kompyuta shuleni hapa Tabora, ambapo kompyuta moja yenye kori mbili inabeba mashine pepe tatu za Linux (kompyuta za kuigizwa ndani ya ile halisi) kwa kutumia programu ya QEMU. Nikiziwasha moja moja hakuna tatizo; lakini umeme ukikatika na kurudi, zote zikajiwasha kwa pamoja, moja husimama ikidai kuwa kipima muda cha 8254 hakijaunganishwa na IO-APIC (chipu inayopeleka ishara za vifaa kwa prosesa), kisha kerneli, yaani kiini cha Linux, inakufa. Je, ubao mama umechoka?

MwanaUjiji
Mkuu, ongeza noapic kwenye amri ya kuwashia kerneli. Hapa Kigoma ilinisaidia.

Mzee_wa_Seva
Ndugu yangu wa Ujiji, noapic itaiwasha, lakini itairudisha kwenye kidhibiti cha zamani cha ishara hizo, 8259, na ugonjwa utabaki palepale. Inapowaka, kerneli husubiri muda wa mapigo 10 ya saa, kisha huhesabu kama yamefika zaidi ya manne. Kompyuta mwenyeji ikielemewa, muda unapita huku mashine pepe ikisubiri zamu yake kwenye prosesa, mapigo yanapotea, na kerneli inahukumu kuwa maunzi ni mabovu. Kipima muda chenyewe hakina kosa. Kuna chaguo la kerneli, no_timer_check, linaloruka jaribio hilo, nalo liwekwe ndani ya mashine pepe tu, kamwe si kwa mwenyeji.

Hata hivyo, Linux ikitambua kuwa iko juu ya KVM (sehemu ya Linux ya mwenyeji inayoiruhusu mashine pepe kutumia prosesa halisi moja kwa moja) huliruka jaribio hilo yenyewe, kwa hiyo nashuku kuwa KVM yako haifanyi kazi kabisa. Tafuta kama faili ya /dev/kvm ipo kwa mwenyeji. Je, amri yako ya QEMU ina accel=kvm:tcg? Ikiwa ndivyo, QEMU inapokosa KVM huhamia TCG, ambayo huigiza prosesa nzima kwa programu, polepole mno.

FundiTabora
Shikamoo, mzee. Amri ni hiyohiyo, na /dev/kvm haipo. Nilipoingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao mama) nimekuta tarehe imerudi nyuma miaka mingi na kipengele cha mashine pepe kimezimwa; kumbe betri ya ubao mama imekufa, hivyo kila umeme ukikatika mipangilio inafutika. Nimeweka betri mpya ya CR2032, nikawasha kipengele hicho, na nimefuta tcg kwenye amri ili KVM ikikosekana nione kosa waziwazi. Nimezima umeme ukutani mara mbili kwa makusudi, na zote tatu zimewaka.

Mzee_wa_Seva
Marahaba. Bado zipishanishe kwa nusu dakika hivi. Kori mbili ni chache.