Naomba ushauri: lebo za chakula cha mbwa zinanichanganya

Tumaini_K (mleta mada)
Wakuu, habari zenu. Nina German Shepherd dume wa miezi mitano, anakula chakula kikavu cha mfuko. Nimejaribu kulinganisha lebo nimeishia kuchanganyikiwa. Mfuko mmoja unasema protini 26%, kopo la chakula laini linasema 9%. Mfuko mwingine unajinadi kwamba hauna nafaka hata punje na kiungo cha kwanza ni kuku halisi. Juu ya hayo, aliyeniuzia ananisisitiza nimwongezee unga wa kalsiamu kila siku, kwa sababu sikio moja limesimama na jingine bado limelala. Nifuate lipi? Nampenda sana huyu mbwa, sitaki kumharibu.

Simba wa Kaya
Mkuu, mbwa ni mla nyama. Achana na mifuko, mpe nyama tupu.

Mganga wa Mifugo
Hapana ndugu Simba, hapo utamwumiza mtoto wa watu. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mbwa anayekua akilishwa hivyo, mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, mwisho wake mifupa inakuwa laini na kuvunjika. Tena mbwa wetu wana nakala nyingi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu, jambo lililoonyeshwa na utafiti wa mwaka 2013. Nafaka iliyopikwa vizuri haiwadhuru.

Tumaini, unga wa kalsiamu usimpe kabisa. Hili ndilo kubwa kuliko yote uliyouliza. Watoto wa mbwa wa aina kubwa hawana uwezo mzuri wa kuikataa kalsiamu inayozidi, inaingia tu, na matokeo yake ni mifupa na viungo vilivyokua vibaya. Viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama Marekani, vinataka kalsiamu isiyopungua 1.2% ya chakula kikishaondolewa maji, na isizidi 1.8% kwa watoto wa mbwa watakaofikia kilo 32 au zaidi. Chakula kamili kimeshapimwa. Ukiongeza kijiko chako unavuruga hesabu. Na sikio ni gegedu, si mfupa. Wengi masikio yao hutulia baada ya kubadilisha meno.

Bi Rehema
Kuhusu 26 na 9: usilinganishe hivyo hivyo, ondoa maji kwanza. Mfuko wenye unyevu 10% umebakiwa na 90 za chakula chenyewe. 26 gawanya kwa 90, unapata karibu 29%. Kopo lenye unyevu 78% limebakiwa na 22. 9 gawanya kwa 22, ni karibu 41%. Kumbe kopo ndilo lenye protini nyingi! Ila wingi si ubora, asilimia hiyo haikuambii protini inameng'enywa vipi.

Na hilo la "kuku halisi wa kwanza": viungo hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, na kuku mbichi sehemu kubwa ni maji. Unga wa nyama, ambao umeshakaushwa, ukiwa wa tatu kwenye orodha unaweza kuwa ndio unaoleta protini nyingi zaidi.

Nahodha77
Nakazia kwenye "bila nafaka". Julai 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza inachunguza ugonjwa wa moyo kutanuka kwa mbwa waliokuwa wakila vyakula vyenye njegere, dengu au viazi kwa wingi, na vingi vilikuwa vya "bila nafaka". Chanzo hakijathibitishwa mpaka leo. Mimi binafsi sioni sababu ya kumwingiza mbwa mwenye afya kwenye shaka hiyo wakati hana mzio wa nafaka.

Tumaini_K (mleta mada)
Asanteni sana. Nimegeuza mfuko, kwa maandishi madogo kabisa nyuma umeandika "kamili na chenye uwiano, kwa mbwa wazima". Kuna shida?

Mganga wa Mifugo
Ipo, na umefanya vizuri kusoma hapo, maana ndiyo sentensi yenye uzito kuliko picha zote za mbele. Kwa mbwa mzima kiwango cha chini cha protini ni 18%, kwa anayekua ni 22.5%, na madini yanatofautiana zaidi ya hapo. Tafuta kilichoandikwa ni cha ukuaji, na kitaje wazi mbwa wa aina kubwa. Kikiandikwa "cha ziada" au "cha mara moja moja", hicho si mlo.

Bi Rehema
Usibadilishe kwa siku moja. Changanya cha zamani na kipya, ukiongeza kipya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Kinyesi kikilegea, rudi kwenye kipimo cha jana na utulie hapo kwanza. Akiendelea kuhara au akikataa kula, mpeleke kwa daktari. Pima kwa mizani, kikombe hudanganya. Mbavu uzisikie kwa vidole bila kubonyeza. Mtoto wa mbwa mkubwa akue taratibu, asinenepe.

Tumaini_K (mleta mada)
Nimeelewa, dada. Kalsiamu naiacha leo, na nikipata mfuko mpya nitaandika hapa kilichoandikwa nyuma mnihakikie.