Mjadala: Stendi ya Masanga tukague mtungi au tumkague dereva?

Wadau, hoja yangu ni hii: hapa Kigoma gari la abiria lisitoke stendi kama dereva na konda hawajawahi kuushika mtungi wa kuzimia moto na kuzima moto nao. Kubandika mtungi garini ili trafiki auone hakutoshi.

Tulikuwa kwenye Hiace kutoka Uvinza kuja mjini, moshi ukaanza kupanda miguuni mwa abiria wa mbele. Wanaozijua Hiace wanaelewa, injini iko chini ya viti vile. Mtungi ulikuwepo, wa kilo 1, nyuma kabisa, umelaliwa na viroba vya chumvi. Konda alipoufikia akakuta pini imezungushiwa waya wa kufungia nondo, ati isipotee. Akawa anaung'ata kwa meno. Huku dereva keshainua kiti chote, hewa ikaingia, moshi ukageuka moto. Tuliuzima kwa mchanga wa barabarani, tukichota kwa ndoo ya mama mmoja.

Mtungi mdogo wa poda unaisha kwa sekunde 10 hivi. Ukipulizia juu ya ndimi za moto umeumwaga bure. Lenga chini, pale panapoungua, ukifagia kushoto na kulia. Kiti au boneti usiinue yote, acha upenyo tu wa kupulizia. Mshale wa kipimo cha mtungi uwe kwenye kijani. Na barabara zetu hizi za makorongo zinaishindilia poda, kwa hiyo mara moja moja ugeuze mtungi kichwa chini na kuutikisa. Haya yote ni somo la asubuhi moja!

Madereva wengine wanasema kazi yao ni kushusha abiria, moto ni wa Zimamoto. Watu kwanza, hapo tuko pamoja. Moto ukishashika gari zima, hata mimi nasema kimbieni. Lakini ukipiga 114 ukiwa porini, gari la Zimamoto mpaka lifike kutoka mjini litakuta vyuma. Na mwenye mguu mbovu kwenye kiti cha nyuma anazihitaji zile sekunde 10.

Wenye magari mnalalamikia muda na gharama. Basi nijibuni: pale tulipokuwa, kama mchanga usingekuwa karibu, mlitaka nani azime?