Kipimo cha pumzi kiwanjani: mwanafunzi mmoja, majibu matatu. Nifuate lipi?

Maalim wa Michezo (Wete)

Assalamu alaykum. Nafundisha michezo katika skuli ya sekondari huku Wete, na vijana wangu wa mpira wanajiandaa na mashindano ya skuli. Nilitaka kujua uwezo wa kila mmoja wa kutumia oksijeni anapokimbia kwa nguvu zake zote, yaani ule upeo unaoandikwa VO2max, ili niwagawe katika makundi ya mazoezi badala ya kumchosha aliye dhaifu na kumpunja aliye imara. Maabara hatuna, kwa hivyo nikatumia vipimo vya kiwanjani.

Kijana mmoja wa miaka 16 alikimbia mita 2,600 katika dakika 12, na kanuni ya Cooper, ambayo ni umbali kutoa 504.9 kisha kugawa kwa 44.73, ikatoa mililita 46.8 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Wiki iliyofuata nikawapa kipimo cha kwenda na kurudi mita 20, ambacho mtu hukimbia kati ya mistari miwili akifuata mlio unaozidi kuharakisha mpaka ashindwe kuufuata. Kijana huyo huyo alishindwa kuendelea akiwa katika kasi ya kilomita 11 kwa saa, na hesabu ikatoa 41.6. Kaka yake anayo saa ya mkononi ya mazoezi. Kijana alipoivaa ikamwandikia 52. Naomba wenye ujuzi wanieleze tofauti hii inatoka wapi, na kipi kati ya vipimo hivi nikiamini.

Moyo na Mapafu (Unguja)

Wa alaykumu salaam, Maalim. Katika majibu yako matatu hakuna hata moja lililotokana na kupima oksijeni. Yote ni makisio, na kila moja limekisiwa kwa njia yake.

Kipimo chenyewe hufanywa hivi: mtu hukimbia juu ya mashine, au huendesha baiskeli ya maabara, akiwa amevaa barakoa, na mzigo huongezwa kidogo kidogo mpaka ashindwe, huku mtambo ukipima wingi wa hewa anayoitoa na oksijeni iliyobaki ndani yake. Hewa tunayoivuta ina oksijeni asilimia 20.93. Tuseme kijana wa kilo 65 anapumua lita 80 kwa dakika anapokaribia mwisho, na hewa anayoitoa imebakiwa na asilimia 17. Kwa hesabu ya juu juu, mwili wake umechukua lita 3.1 za oksijeni kwa dakika, ambazo ukizigawa kwa uzito wake unapata mililita 48 hivi kwa kilo. A. V. Hill na Hartley Lupton wa Uingereza walieleza mwaka 1923 kwamba mkimbiaji akizidi kuongeza kasi hufika mahali ambapo matumizi ya oksijeni hayapandi tena ingawa kasi bado inapanda, na hapo ndipo tunaposema amefikia upeo. Si kila mtu huonyesha kituo hicho waziwazi, kwa hivyo wapimaji hutazama pia kama kabonidioksaidi inayotoka imeizidi oksijeni inayotumika kwa uwiano wa 1.10 au zaidi.

Nasisitiza jambo moja kwa sababu naona watu wengi huyalaumu mapafu. Kwa mtu mwenye afya anayekimbia usawa wa bahari kama sisi, kinachobana zaidi ni wingi wa damu ambao moyo unaweza kuusukuma kwa dakika. Moyo ukisukuma lita 20, na kila lita ikaacha mililita 150 za oksijeni njiani, jumla ni lita 3 tu, hata mapafu yawe mapana kiasi gani. Oksijeni hiyo hubebwa na hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, na ndiyo sababu kijana mwenye upungufu wa damu atashindwa mapema hata akifanya mazoezi kila siku.

Sasa turudi kwenye kanuni zako. Kenneth Cooper alikuwa daktari wa jeshi la anga la Marekani, na kipimo chake alichokichapisha mwaka 1968 kilitokana na wanajeshi 115, wanaume watupu, ambao pamoja na kukimbia dakika 12 walipimwa oksijeni maabara. Kinamtaka mtu ajue kuigawa nguvu yake. Kijana anayetoka mbio kama anakimbia mita 100 atamalizia kwa kutembea, na kanuni itamhukumu kuwa hana pumzi. Kipimo cha kwenda na kurudi, alichokibuni Luc Léger wa Montreal, hakina tatizo hilo, kwa sababu mlio ndio unaoamua kasi: unaanzia kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka nusu kilomita kila dakika.

Lakini kanuni uliyoitumia, kasi ya mwisho mara 6 kutoa 24.4, ni ya watu wazima. Ya watoto na vijana inaingiza umri. Chukua 31.025, ongeza kasi mara 3.238, toa umri mara 3.248, kisha ongeza kasi mara umri mara 0.1536. Kwa huyu wa miaka 16 utapata 41.7, kwa hivyo hapo hukupoteza kitu. Mtoto wa miaka 12 akifika kasi hiyo hiyo ya kilomita 11, kanuni ya vijana itampa karibu 48 na ile ya watu wazima itampa 41.6 vilevile, na hiyo si tofauti ndogo.

Saa ya mkononi hulinganisha kasi na mapigo ya moyo, kisha hukisia mtu angefika wapi kama angeendelea hadi mwisho. Mara nyingi mapigo ya juu kabisa huyachukua kwa kutoa umri katika 220, na kanuni hiyo inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi kwa mtu mmoja mmoja. Ikiwa bado imewekewa umri na uzito wa kaka mtu, basi namba hiyo iache kabisa.

Kocha wa Vijana (Unguja)

Mimi ningeanza na kiwanja chako, Maalim, kabla ya kanuni. Je, ni cha mchanga? Kukimbia juu ya mchanga laini hugharimu nishati karibu mara 1.6 ya kukimbia juu ya ardhi ngumu kwa kasi ile ile, na katika kipimo cha kwenda na kurudi mguu unazama hasa pale unapogeuka. Kijana atachoka kwenye kasi ndogo ilhali moyo wake umefanya kazi kubwa, na kanuni haijui lolote kuhusu mchanga.

Pili, hizo mita 20 ulizipima kwa futi kamba au kwa hatua? Zikiwa mita 19 tu, anayedhaniwa anakimbia kilomita 11 kwa saa kwa kweli anakimbia 10.45, na jibu linashuka hadi 38.3. Pia icheze sauti ya mlio na ulinganishe dakika zake na saa, kwa sababu nakala zinazopitishwa kutoka simu hadi simu wakati mwingine hazina kasi yake ya asili.

La tatu ni hali ya hewa, na hapa wengi wetu tunajidanganya. Ukipima Februari wakati wa kaskazi, jua la saa tisa, kisha ukarudia Julai kusi linavuma na asubuhi ina ubaridi, vijana wote watakuwa wamepanda hata kama hawakufanya zoezi lolote. Joto linapeleka damu kwenye ngozi, jasho linapunguza maji mwilini, na mapigo yanapanda kwa kazi ile ile. Ni sawa na kupima karafuu mbichi leo na kavu wiki ijayo, kisha useme mkarafuu umepunguza kuzaa.

Sikubaliani kwamba kwa mchezaji wa mpira tunahitaji mililita hizi hata kidogo. Mpira ni kukimbia, kusimama, kukimbia tena. Ningetumia kipimo cha Yo-Yo cha Jens Bangsbo wa Denmark, ambacho baada ya kila mita 40 za kwenda na kurudi kinampa mchezaji sekunde 10 za kupumua, na jibu lake ni umbali tu.

Bi Muuguzi (Mkoani)

Maalim, umezungumzia vijana wa kiume peke yao. Wasichana wa skuli nyingi hawatakuwa huru kukimbia hadi kuishiwa nguvu katika kiwanja kilicho wazi, na si lazima wakimbie. Kipo kipimo cha kupanda na kushuka ngazi moja yenye urefu wa sentimita 41.3, ambacho kinaweza kufanyika ndani ya darasa milango ikiwa imefungwa. Msichana hupanda na kushuka mara 22 kwa dakika, kwa muda wa dakika 3. Akisimama, mapigo yake huhesabiwa kuanzia sekunde ya 5 hadi ya 20, kisha huzidishwa kwa 4. Kanuni ni 65.81 kutoa mapigo mara 0.1847, kwa hivyo aliyehesabiwa mapigo 38, yaani 152 kwa dakika, anapata 37.7. Msichana mfupi huonewa kidogo na urefu wa ngazi, lakini akilinganishwa na yeye mwenyewe baada ya muhula haidhuru.

Kabla ya kipimo chochote cha kufikia mwisho wa nguvu, muulize kila mtoto peke yake, si mbele ya wenzake, kama amewahi kuzimia akikimbia, kama anaumwa kifua, kama ana pumu, na kama katika familia yupo mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Mwenye selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, asipimwe bila ruhusa ya daktari, na hata aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu asilazimishwe kwenye joto, kwani wapo wenye hali hiyo waliowahi kuanguka katika mazoezi makali.

Maalim wa Michezo (Wete)

Ahsanteni sana. Kiwanja ni cha mchanga kweli, na dakika 12 niliwakimbiza kwenye barabara ya udongo mgumu, kwa hivyo naanza kuona tofauti ilikotoka. Je, katika daftari niandike wastani wa 46.8 na 41.6?

Moyo na Mapafu (Unguja)

Usifanye wastani, Maalim, kwa sababu hujui makosa ya kila upande ni makubwa kiasi gani. Chagua kipimo kimoja. Mimi ningechagua cha mita 20 kwenye ile ardhi ngumu. Andika kasi ya mwisho aliyoifikia na idadi ya mizunguko, pamoja na saa, hali ya jua na aina ya ardhi. Mililita unaweza kuziweka pembeni kwa wazazi wanaopenda namba. Rudia baada ya wiki 8 au zaidi, katika saa ile ile, na usilinganishe kipimo cha Ramadhani na cha miezi mingine. Kwa kuwagawa katika makundi ya mazoezi, kasi hiyo ya mwisho inatosha: wape mbio za vipindi, yaani kukimbia na kupumzika kwa zamu, kwa asilimia ya kasi ya kila mmoja, na kijana wako wa kilomita 11 hatakimbizwa tena kwa mwendo wa yule wa 13.