Lyapunov chanya kwenye EEG ya kifafa, je hii ni kaosi kweli?

fizikia_mwisho: Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa mwisho, projekti yangu ni mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa kifafa. Nimeshusha ile data ya EEG (rekodi za umeme wa ubongo) ya Chuo Kikuu cha Bonn ya 2001, makundi matano A mpaka E, kila kundi vipande 100 vya sekunde 23.6. Nimejenga upya mwendo wa mfumo kwa kuchelewesha ishara yenyewe kama alivyoonyesha Takens 1981, nikapiga namba ya Lyapunov (inapima njia mbili zilizoanza karibu karibu zinaachana kwa kasi gani), inatoka chanya karibu kila kipande, hata vya watu wenye afya. Sasa naweza kuandika kwamba ubongo ni mfumo wa kaosi, yaani unafuata kanuni ila tofauti ndogo mwanzoni inakua haraka? Na kutabiri kifafa kabla hakijampanda mtu inawezekana?

mzee_wa_fourier: Mkuu usikimbilie huko. Algorithimu ya Lyapunov ukiilisha kelele tupu nayo inakupa namba chanya, kwa hiyo hujathibitisha kitu bado. Fanya alichofanya Theiler na wenzake 1992: chukua kipande kimoja, piga Fourier, ukubwa wa kila masafa uache ulivyo, vuruga fezi tu (pale kila wimbi linapoanzia), halafu rudisha kwenye muda. Hapo spektra inabaki ileile ila kila kisicho cha mstari kimekufa. Tengeneza nakala 39 hivi, zipime zote, kama namba ya data halisi imekaa katikati ya hizo nakala basi huna ushahidi wa kaosi, inaweza kuwa kelele yenye rangi tu, yaani kelele ya bahati nasibu yenye spektra hiyohiyo. Andrzejak na wenzake, waliotoa data hiyo, walipima hivyo kwenye data hiyohiyo, dalili kali za kisicho cha mstari zilionekana kwenye kundi E, lile la kifafa chenyewe, ila kwa kundi A, la wenye afya waliofumbua macho, hazikuonekana za maana.

fundi_EEG: Naongezea, A na B zimerekodiwa juu ya ngozi ya kichwa, C, D na E elektrodi zilikuwa ndani ya fuvu, kwa hiyo ukilinganisha A na E unapima pia tofauti ya mfupa na ngozi, bora D na E, zote za ndani ya fuvu. Na mtoto mwenye kifafa cha kuzubaa huhitaji hata Lyapunov, anatulia ghafla anakodoa macho, kwenye skrini unaona mwiba na wimbi, mwiba na wimbi, kama mara 3 kwa sekunde, chaneli zote pamoja, halafu anaendelea na alichokuwa anafanya.

fizikia_mwisho: Asanteni sana aisee. Na kutabiri?

mzee_wa_fourier: Kwa data hiyo hapana mdogo wangu, sekunde 23.6 zilizokatwa hazikuonyeshi nini kilitangulia. Tafuta CHB-MIT, data ya EEG ya watoto wenye kifafa wa hospitali ya Boston, ile ina masaa na masaa mfululizo, na mwanzo wa kila shambulio umewekewa alama.